Mlinzi wa mwongozo wa databesi kaniita mtoto wa chekechea, wakuu njooni mshuhudie

Wakuu nimetoka kutukanwa sasa hivi, bado wa moto. Mnamjua wote, yule bwana mkubwa anayekaa mlangoni kwenye mwongozo wa ile databesi, simtaji maana ukimtaja anatokea.

Nimeandika pendekezo kwa adabu zote na salamu juu, nikasema jamani ule ukurasa wa SELECT, amri ya kuvuta data, mgeni akiufungua anakutana na ukuta wa mabano, mabano mraba, mabano ya mikia, vistari, nukta tatu tatu, na kileleni kabisa wameweka WITH RECURSIVE, ile ya kweri inayojirudia yenyewe, yaani mtu hajajua hata kuvuta majina kwenye tebo (jedwali) moja ushamtupa huko. Nikaomba mfano mmoja tu pale juu. SELECT jina FROM wateja. Basi, mstari mmoja!

Akajibu: "Mwongozo huu si chekechea." Akafunga tiketi ya pendekezo langu. Salamu hakuitikia.

Chekechea! Mimi na ndevu zote hizi!

Na nilikuwa na la pili, lile la nukta mkato (;) inayofunga kila amri. Ukiisahau, databesi haikwambii kitu, inakaa kimya, kialama cha mwanzo wa mstari kinageuka kutoka => kuwa -> na wewe unapiga enta mpaka kidole kinaota sugu ukidhani mashine imeganda, kumbe inakusubiri umalize sentensi. Hilo nalo nimeambiwa chekechea. Chekechea gani wanafundisha nukta mkato?

MzeeWaTebo: Povu lote hilo mkuu, mbona chekechea kuna picha na uji, ungeshukuru.

Kweri_Ndefu: Mleta uzi umezidi. Huo ni ukurasa wa rejea, unasomwa na anayejua anachotafuta. Mafunzo ya wageni yana sura yake mwanzoni, hukuiona?

Mleta uzi: Mgeni anaingia kwa kugugo, anatua katikati ya rejea, hiyo sura ya mwanzoni nani kamwonyesha? Hata Codd mwenyewe, baba wa databesi za tebo, kwenye makala yake ya 1970 aliweka mfano wa wasambazaji na vipuri, na alikuwa anawaandikia wasomi. Naye chekechea?

SioSifuri: Wewe una nafuu. Mimi nilitafuta wateja wasio na simu, nikaandika WHERE simu = NULL (NULL ni pasipo na kitu), ikanirudishia patupu bila kosa lolote, nikaenda kumwambia bosi wateja wote wana simu. Kumbe ni IS NULL. Maelezo yapo, ila yamefukiwa chini huko na makaburi.

BakapuKesho: Nyie mnalilia SELECT, mimi nilipiga DELETE, amri ya kufuta, bila WHERE ya kusema mistari ipi. Ikafuta tebo nzima halafu ikaniletea idadi ya mistari iliyokwenda, kwa upole kabisa, kama karani anakupa risiti.

MzeeWaTebo: @BakapuKesho jina lako limejieleza.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada. KANIITA. MTOTO. WA. CHEKECHEA.

HerufiNdogo: Chekechea halisi ni fundi aliyenitangulia ofisini, kaunda tebo "Wateja" yenye W kubwa ndani ya alama za nukuu, sasa kila kweri (ombi kwa databesi) lazima niweke nukuu, nikisahau inalisoma jina kwa herufi ndogo, naambiwa tebo haipo na mimi naiona kwa macho yangu.

Kweri_Ndefu: Kosa la kwanza ni kuiita wateja. Tebo inaitwa kwa umoja, mteja.

HerufiNdogo: Umoja wapi na ndani kuna maelfu ya watu??

Kweri_Ndefu: Kila mstari ni mteja mmoja. Codd huyohuyo mnayemtaja aliandika employee, umoja.

SioSifuri: Na humohumo kaandika children. Hao ni mtoto mmoja?

Kweri_Ndefu: Hiyo ni tofauti.

BakapuKesho: Tofauti ipi mkuu, fafanua.

MzeeWaTebo: Wingi oyeee

Mleta uzi: Wakuu mimi bado nipo hapa

HerufiNdogo: @Kweri_Ndefu fafanua bwana, usikimbie