Barua yangu ya kuomba taarifa imegeuzwa KIFUNIKO CHA CHAI!! Yule baba wa halmashauri mnamjua

BintiBamvua (mwanzisha uzi)
Wakuu msinisalimie kwanza maana nna hasira mpaka simu inatetemeka mkononi, nimeshuka kwenye boda sasa hivi hata ushungi sijautoa.

Huyu baba mnamjua, simtaji. Yule wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, anayekwambia "njoo Jumatano" tangu Mjerumani anajenga boma. Kama umewahi kusimama kwenye ile korido huku kwetu Tanga pwani ukiwa na bahasha mkononi basi unamjua, hata usibishe.

Nimemkuta kaifunikia barua yangu kikombe cha chai. Barua. Yangu. Ina muhuri wa IMEPOKELEWA, ina sahihi za akina mama kumi na wawili, wawili kati yao wameweka dole gumba, imelala juu ya kikombe cha bati inazuia nzi!!

Ngoja nirudi nyuma mnielewe. Siye ni kikundi cha mwani. Bamvua maji yakitoka tunaingia, unainama kufunga taitai, zile kamba ndogo za mwani, mpaka kiuno kinaita jina la mama yako, halafu joto likizidi mwani unaozea kwenye kamba unauangalia tu. Tukaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yake ya ndani (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, na haina riba, hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua). Tukaambiwa subirini. 2023 mwezi wa nne mikopo ikasimamishwa nchi nzima tukasema haya, riziki. 2024 ikarudi, tukaomba tena, ndo tunaambiwa ati "kata yenu imeshapata". Kapata nani?? Ati kuna kikundi cha wanawake cha kijiji chetu, kina jina tamu kama maneno ya kanga. Kijiji hicho mie nimezaliwa humo, nimeolewa humo, nimeachika humo humo, mpaka mbuzi nawajua ni wa nani, hicho kikundi sijawahi kukiona hata msibani.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo akaniambia mamdogo usigombane na mtu, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia unaandika unachotaka kujua, wana siku 30 wakujibu. Nikaandika. Tangu mikopo irudi, kata yetu vikundi gani vya wanawake vimepewa, shilingi ngapi, lini, na kiasi gani kimerejeshwa. Maswali manne, karatasi moja, nimechapisha steshenari kwa hela yangu, nakala nikagongewa muhuri nikaikunja nikaiweka chini ya godoro kama hati ya shamba.

Siku ya 33 nimekwenda. Boda elfu nane kwenda na kurudi. Namsalimia shikamoo baba, nimekuja kuulizia barua yangu. Akaangalia dari. Akaangalia feni. Kisha akanyoosha mkono, AKAIINUA BARUA KUTOKA KWENYE KIKOMBE, akapuliza, akavuta fyuuuuu, akairudisha pale pale, akanambia "Kwani mama wewe ndo CAG?" Yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mie!

Na ina duara la chai wallahi. Duara lenyewe limezunguka pale kwenye "Yah:".

Chizi_Ngamiani
Hii chai.

Mzee_wa_Katani
Chai tena yenye kifuniko kilichogongwa muhuri 😂😂😂

Chizi_Ngamiani
Mbavu zangu jamani. Naweka kambi hapa, atakayepita aniletee mkate wa ajemi.

BintiBamvua
Chekeni tu. Angeitupa kapuni ningeelewa, kapu ni kapu. Angesema imepotea ningeelewa. Lakini kuifunua, kunywa, KUIFUNIKA TENA mbele yangu nimesimama?? Ile fyuuuu naisikia mpaka sasa hivi.

Wakili_wa_Kijiweni
Dada pole, ila usikate tamaa. Haki ya kupata taarifa ipo kwenye Katiba ibara ya 18, na hiyo sheria inasema akikunyima akupe sababu kwa maandishi. Usiporidhika unamwandikia mkuu wa taasisi ayapitie upya maamuzi. Hiyo nakala yenye muhuri usiipoteze, tarehe iliyogongwa ndo inahesabu siku. Halafu mkutano mkuu wa kijiji upo kila baada ya miezi mitatu, simama uulize hicho kikundi mbele ya watu, wanachama wake wasimame tuwaone.

Chizi_Ngamiani
Mkuu hiyo barua ya pili si ndo itafunika mihogo?

Mzee_wa_Katani
Ya mkuu wa taasisi inafunika birika kabisa, kulingana na cheo.

Bint_Chumbageni
Huyo wa kalamu tatu namjua mie. Mwaka juzi nimekwenda kufuatilia usajili wa kikundi chetu cha batiki, kanambia katiba ya kikundi ina kosa la kiuandishi. Nikamuuliza kosa liko wapi baba? Akasema "litafute mwenyewe ndo ujifunze." Nimelitafuta miezi minne.

BintiBamvua
SI NIMESEMA MNAMJUA

Zeze_la_Pwani
Samahani huyo si wa kwenu, huyo ni wa kwetu. Wa kwetu ana kalamu tatu na kofia ya barakashia, Ijumaa haonekani kabisa.

Bint_Chumbageni
Wa kwetu hana barakashia. Inaelekea wapo kila wilaya.

Mpole_Mkali
Tuwe wakweli kidogo. Upande wa pili hatujausikia. Vikundi vingi vinachukua hiyo hela mnagawana mnanunua vitenge mnatokomea, ripoti za CAG zimerudia na kurudia kwamba mabilioni hayajarejeshwa. Na nyie wa mwani mkipewa mtarudisha au mtasema bahari imekula?

BintiBamvua
Basi aniandikie hivyo hivyo!! Aandike "mama, hela imeliwa na vikundi havijarudisha", agonge muhuri, ntashukuru, ntaenda kuwasomea wenzangu ufukweni. Mie sikuomba hela safari hii kaka yangu, niliomba MAJIBU MANNE. Na hata hayo manne angenijibu mawili ningerudi nyumbani naimba. Yeye kanijibu fyuuuu.

ShangaziMuheza
Nyie mna barua mnalalamika, siye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti wasiopendana makusudi kabisa. Siku ya kuvunja kikundi tunafungua, hela hamna. Kufuli nzima, sanduku zima. Ndani tumekuta kitana na chaja ya kobe, ile ya kubania betri ya simu.

Chizi_Ngamiani
CHAJA YA KOBE 😭😭😭

ShangaziMuheza
Mpaka leo kila mmoja anasema chaja si yake. Na mweka hazina kajenga, ati mjomba wake wa Oman kamtumia. Mjomba gani Oman, ukoo mzima tunaujua hakuna hata aliyefika Horohoro.

Msambaa_Asilia
Swali la msingi hamjauliza. Ilikuwa chai ya rangi au ya maziwa? Maana kama ni chai ya milimani kwetu Usambara hiyo lazima ifunikwe, ikipoa ni dhambi.

BintiBamvua
Ya rangi. Ina tangawizi, nimeinusa. Jamani tuko serious.

Msambaa_Asilia
Tangawizi basi ilikuwa ya kwetu, asante kwa kuunga mkono wakulima.

Mama_Pacha_Korogwe
Poleni wote ila mie nimekaa nakosa hata nguvu ya kucheka. Huo mkopo wa bila riba tulizungushwa mpaka tukakata tamaa nikaingia kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Laki mbili. Rejesho kila wiki, ukichelewa siku moja wanakuja watatu wanakaa barazani kwako, hawasemi kitu, wamekaa tu kama wamekuja kuposa. Juzi wamebeba godoro mtoto kalala juu yake.

Mzee_wa_Katani
Walimbeba na mtoto??

Mama_Pacha_Korogwe
Walimshusha kwa adabu, kumbe wana watoto na wao. Godoro wameondoka nalo.

Bint_Chumbageni
Kausha damu wamevunja ndoa ya jirani yangu, mume kagundua friji imeuzwa siku ya Idi anatafuta barafu.

Mpole_Mkali
Hapo ndo tunarudi kwenye hoja yangu, watu wanakopa ovyo.

Mama_Pacha_Korogwe
Wewe Mpole godoro lako unalalia raha mustarehe, nyamaza.

BintiBamvua
Jamani naomba turudi kwenye barua. Leo usiku wenzangu wanakuja kwangu wote kumi na moja wanataka kujua tumejibiwaje, na bibi mmoja aliyeweka dole gumba ana miaka sabini na kitu, alikogea kabisa akavaa na kanga mpya siku ya kuweka dole. Ntamwambiaje? Dole lako bibi limeloana tangawizi?

Wakili_wa_Kijiweni
Mwambie ukweli, na waweke dole jingine kwenye barua ya mapitio. Nitumie nakala kwa PM nikusaidie kuiandika, bure.

Zeze_la_Pwani
"Bure" ya wakili wa Tanga na mtoto wa kike wa pwani, tunajua inakoishia 😂 waja leo waondoka leo.

ShangaziMuheza
Wewe Zeze una mawazo machafu tangu uzi wa machungwa. Halafu lile gunia langu hujalilipa.

Zeze_la_Pwani
Shangazi machungwa yalikuwa machachu.

ShangaziMuheza
Uliyala yakaisha ndo ukajua machachu?

Msambaa_Asilia
Machungwa msimu huu yanaozea barabarani, wanunuzi wanakuja na bei mfukoni hata hawayaangalii. Huo ndo uzi wa maana, mtu aufungue.

Chizi_Ngamiani
Tushaufungua, ndo huu.

Mzee_wa_Katani
Nauza vikombe vya bati vyenye vifuniko vyake, Ngamiani barabara ya 12, jumla na rejareja.

BintiBamvua
Kimoja bei gani? Nampelekea yule baba, nichukue barua yangu.

Mzee_wa_Katani
Elfu tatu mia tano, cha maua elfu nne.

Mama_Pacha_Korogwe
Korogwe unatuma? Na magodoro je, huna?