Cave Story: nimekwama kwa Omega kule mchangani, na hii bunduki nibadilishe au nisibadilishe?

mtoto_wa_wete:
Asalaam alaykum wana gemu, nisaidieni mie nshachoka. Mdogo wangu kaniekea hii Cave Story kwenye kompyuta yetu kuukuu, akanambia we si ulikuwa mtu wa Contra, ile gemu ya zamani ya kupiga risasi, basi cheza hii. Kweli zinafanana, vipicha vyake vile vile vya mraba mraba kama enzi za kaseti, unaruka unapiga unaruka unapiga. Nshafika Sand Zone, nikapigana na yule msichana roboti Curly nikamshinda, sasa anasema tubadilishane, nimpe bunduki yangu Polar Star anipe yake Machine Gun. Sijampa bado. Nikiendelea mbele linatoka dude chini ya mchanga linaitwa Omega, hilo ndo linanimaliza. Jana nimekufa mara 14, ya 15 nikawa nnalipatia patia hivi, umeme ukakatika. Na jengine, bunduki yangu inaanza vizuri inatoa risasi nene, nikishapigwa pigwa inatoa vijirisasi kama mbegu za papai. Ni virusi au?

mzee_wa_kaseti:
Waalaykum salaam. Sio virusi yakhe 😂 ndo gemu yenyewe ilivyo. Wewe tatizo lako unacheza Contra humu. Contra ukiguswa na risasi moja umekufa, kwa hiyo sote tulijifunza kwenda mbio na kumwaga risasi, tena ukiipata ile herufi S inayotawanya risasi basi hata huangalii mbele. (Mie pesa ya skukuu yote ilikuwa inaishia pale Tibirinzi kwa ami mmoja mwenye tivii na kaseti, narudi nyumbani hata aiskirimu sijala.) Huku ukipigwa hufi papo hapo ila bunduki inashuka daraja. Vile vipembe tatu vya njano wanavyoangusha maadui ndo vinaipandisha, daraja ya mwisho ni 3, ukipigwa vinapungua unarudi 2 unarudi 1, ndo hizo mbegu zako za papai. Yaani anayekwenda mbio ndo anayepigana na bosi, dude kubwa kama Omega, na bunduki butu.

Kwa Omega tulia. Risasi zinamuingia akifungua mdomo tu, akifunga unaharibu risasi bure. Ile mipira anayotema ipige pia, mingine inaacha moyo au vipembe, ujaze hapo hapo. Na kabla hujaingia rudi kasevu pale penye alama ya disketi, usiwe kama mie.

dada_malindi:
Mzee wa kaseti kasema kweli ila hilo la bunduki hamjamjibu mtoto wa watu. Kaka USIBADILISHE. Hiyo Polar Star uliipata wapi? Si kwa yule mzee wa pangoni, kalala, ukafungua kasha lake ukachukua ukenda zako. Sasa mali ya mtu umeichukua amelala, leo unataka kuitia kwenye biashara? Weka, mbele huko utaweza kurejea kule pangoni ulikoanzia, mpelekee mwenyewe, atakutengenezea bunduki nyengine inaitwa Spur, hiyo unaigandamiza inajaza nguvu ukiachia hakuna anayesimama mbele. Ukishampa Curly, Spur ndo basi tena.

bombomu:
Mie nampinga dada kidogo. Machine Gun daraja ya 3 ukipiga chini inakunyanyua unaruka angani, kwa mtu mgeni inamuokoa sehemu nyingi sana. Inaisha risasi kweli lakini ukisubiri inajijaza yenyewe. Hio Spur mpaka aifikie huyu atakuwa ashafuta gemu.

dada_malindi:
Asubiri kwani anakwenda wapi. Mjapani mmoja Daisuke Amaya kaitengeneza peke yake miaka mitano, picha yeye, muziki yeye, hadithi yeye, akaitoa bure 2004. Yeye kashindwa kungoja bunduki?

mtoto_wa_wete:
Jamani nimerudi. Nimempigaaa!! Nilikaa pembeni kimya, anafunga mdomo namuangalia tu, anafungua nampa, moyo umebaki mmoja mkono unatetemeka. Bunduki sikubadilisha, dada umenitia khofu na hilo la mali ya mtu, nimekumbuka kweli yule mzee alikuwa anakoroma. Ila sasa kitufe cha X cha kupigia kwenye kompyuta ndo kimekufa kabisa, hakipigi.

mzee_wa_kaseti:
Kimekufa shahidi. Kwenye folda hilo hilo kuna kiprogramu kinaitwa DoConfig, kifungue uwashe pedi ya kuchezea gemu, chomeka yoyote ya USB.

mtoto_wa_wete:
Pedi anayo huyo huyo mdogo wangu. Kasema nimpe kwanza ile baskeli.