Meli kubwa, meli ndogo au feri: ipi inafaa kwa kutazama nyangumi Alaska?

MwanaWatamu (Minneapolis)
Ndugu zangu, hamjambo. Mama yangu atakuja kututembelea kutoka Watamu kiangazi kijacho, nasi tumeazimia kumpeleka kusini-mashariki mwa Alaska, kwenye ile njia ya maji inayopita katikati ya visiwa, ili aone wanyama wa baharini. Nimebaki na chaguo tatu: meli kubwa ya kitalii inayoondoka Seattle na kurudi hapohapo baada ya siku 7, meli ndogo ya abiria wasiofika 100 inayoanzia Juneau, hukohuko Alaska, au feri ya serikali ya jimbo inayotoka Bellingham, karibu na mpaka wa Kanada. Mama ana miaka 68 na miguu yake ni mizima, ila hulewa bahari. Isitoshe, anauliza kwa nini tugharimike kumwonyesha nyangumi ilhali wanapita mbele ya kwao kila mwaka. Naomba ushauri wa waliokwisha kusafiri.

Baharia wa Tacoma
Kaka, nimepanda meli kubwa mara mbili na feri mara moja. Nianze na meli kubwa, kwa sababu watu huidharau kupita kiasi. Kasoro yake ni kimo: ukiwa sitaha ya juu umesimama kama kwenye paa la ghorofa, na nyangumi akichomoza utaona mvuke wa pumzi yake na mgongo usiozidi kifuu cha nazi. Meli nayo haimsubiri mnyama, maana ina saa yake ya kufika gatini.

Inapostahili sifa ni Glacier Bay. Hifadhi hiyo huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na askari wa hifadhi hupanda melini kuwaeleza abiria wanachokiona. Nahodha Mwingereza George Vancouver alipopita hapo mwaka 1794, karibu ghuba yote ilikuwa imezibwa na barafu. Tangu wakati huo barafu imerudi nyuma takriban kilomita 100, na meli hupita mahali palipokuwa na ukuta mtupu. Hakikisha ratiba yako inaitaja ghuba hiyo kwa jina, kwa kuwa si kila meli huingia.

Kuhusu kulewa bahari, jambo hili wauza tiketi hawalisemi: meli nyingi zinazoanzia Seattle hupita upande wa nje wa Kisiwa cha Vancouver, kwenye bahari kuu yenye mawimbi, ilhali zinazoanzia mji wa Vancouver, Kanada, hupita ndani, ambako visiwa huzuia upepo.

Bi Kisauni
Mwanangu, kabla ya nyangumi tazama pasipoti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzuia meli yenye bendera ya nchi nyingine kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kutia nanga nchi ya nje, na meli kubwa karibu zote zina bendera za nje. Ndiyo sababu zile za Seattle hupitia Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za usiku. Mama mwenye pasipoti ya Kenya atahitaji viza ya Kanada, na wewe mwenye kadi ya ukaazi utahitaji kadi hiyo pamoja na pasipoti iliyo hai. Meli ndogo ya bendera ya Marekani inayoanzia Juneau haina sharti hilo. Feri pia haina, kwa kuwa hutoka Bellingham hadi Ketchikan, Alaska, bila kusimama Kanada.

Mzee wa Darubini
Nilipata bahati ya kusafiri na meli ndogo nilipostaafu, na sitaficha kwamba gharama ilinitoa jasho. Hata hivyo, kwa wanyama peke yao hakuna inayoifikia. Nahodha wetu alizima injini karibu saa nzima tukitazama nyangumi-nundu wakila pamoja: baadhi huzunguka chini ya kundi la samaki aina ya heringi wakitoa mapovu, mapovu yanawafunga samaki kama juya, kisha wote hupanda kwa mkupuo vinywa wazi. Boti haziruhusiwi kuwasogelea chini ya yadi 100, yaani mita 91, lakini kwenye sitaha iliyo karibu na maji umbali huo unatosha kusikia pumzi zao. Tuliwaona pia simba-bahari, tai wenye vichwa vyeupe, na dubu wa kahawia wakipekua ufukwe maji yalipokupwa.

Mwambie mama hivi: nyangumi wanaopita Watamu kuanzia Julai hutoka bahari za kusini kuja kuzaa, na hula kidogo mno au hawali kabisa. Hawa wa Alaska wengi wao huzalia Hawaii wakati wa baridi, kisha huja kaskazini kula. Kwao amewaona uzazini. Huku atawakuta mezani.

Kipanga
Feri. Ina vyumba vya kulala, wengine hupiga hema kwenye sitaha, na hupita mlango mwembamba wa Wrangell ambao meli kubwa haziwezi kuuingia. Haisimami kwa ajili ya mnyama yeyote, wala haiingii Glacier Bay. Ni kwa wenye subira.

Baharia wa Tacoma
Niongeze kwamba mkifika Juneau, kwa chombo chochote, pandeni boti ya kutazama nyangumi ya saa chache kutoka Auke Bay, ghuba iliyo hapohapo Juneau. Hapo abiria wa feri na wa meli kubwa huwa sawa. Msiende Septemba, mvua ni nyingi mno. Juni ni afadhali, ingawa mchana wake hufikia saa 18 na Isha na Alfajiri hukaribiana sana.

MwanaWatamu
Nawashukuru nyote. Bi Kisauni, shikamoo. Suala la viza sikuwa nimeliwaza hata kidogo, na sina hamu ya kuanza maombi mengine. Nimeongea na mama usiku huu, naye amekubali feri hadi Juneau, boti ya Auke Bay kwa siku mbili tofauti endapo ya kwanza itakosa, na kurudi kwa ndege. Hema amelikataa katakata. Kipanga, chumba cha kulala kwa Juni hukatwa mapema kiasi gani?

Kipanga
Ratiba ya kiangazi ikitangazwa tu, kata siku hiyohiyo. Omba chenye dirisha.