Gemu ya "kizamani" imekula 15,000 yangu halafu inanionyesha matangazo!!

Wakubwa mnisamehe, leo naandika na hasira. Wiki jana nimelipa shilingi 15,000 kwa mobile money, ka gemu ka ndege ya angani, zile za kwenda kulia tu huku unapiga risasi, tangazo linasema ya kizamani kabisa, pikseli, muziki wa bip bip, nikaingia mzima mzima.

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu Arua, hapa Uganda, kaseti zile za gemu mia kwa moja, Gradius nimecheza mpaka kidole gumba kikaota sugu. Ile ya kampuni ya Konami ya 1985 ilikuwa na roho mbaya sikatai, unaokota vidonge vyekundu, unaongeza spidi, makombora, leza, vile viduara vinakufuata nyuma kama vifaranga, halafu unagusa ukuta kidogo tu umekufa, unarudishwa nyuma huna hata kimoja. R-Type ya 1987 hivyo hivyo, risasi moja kwisha. Lakini adui anatokea palepale kila siku, ukifa mara ishirini unakariri njia, kosa ni lako!!

Hii je? Risasi za adui nyeupe, nyota za nyuma nyeupe, saizi moja. Sasa nikwepe nini, anga lote? Vitufe wameweka kushoto chini ya skrini, na ndege nayo inakaa kushoto hukohuko, kwa hiyo kidole changu chenyewe kinaifunika.

Ukifa, "tazama tangazo uendelee". Sekunde 30. NIMELIPA JAMANI. Bando likiisha inagoma kabisa, eti lazima intaneti ndo isevu. Juzi usiku huku Bweyogerere umeme ukapotea, waifai ya jirani (bambi huwa ananiachia tu) ikazima, na mimi nimebakiza bosi, lile adui kubwa la mwisho wa steji, kidogo afe, moyo wake mwekundu umeshafunguka, skrini ikaandika "unganisha tena". Nimeunganisha asubuhi, steji ya kwanza, bunduki ya kwanza.

Nimewaandikia wenyewe, jibu la mashine, linaniomba niwape nyota tano. Si wanazo tayari, zile nyeupe?

Kuna mtu amewahi kurudishiwa pesa yake, alifanyaje? Na mwenye gemu ya aina hii isiyotaka intaneti atupie jina hapa. Ila msiniambie nitumie kidole kidogo, nimeshajaribu.