MJADALA: Msukosuko wa bakteria na wa maji ya mto, ni kitu kimoja?

Wadau, hoja hii haijatulia tangu Wensink, Dunkel na wenzao walipochapisha utafiti wao wa 2012 kuhusu Bacillus subtilis. Bakteria hao wakisongamana majini, hadubini inaonyesha visulisuli vikizaliwa, vikisukumana na kupotea, mithili ya mto uliofurika. Wapo wanaosema ni msukosuko uleule, umepungua ukubwa tu. Mimi napinga.

Mwaka 1883, kule Manchester, Osborne Reynolds alitia rangi kwenye maji yapitayo katika bomba la kioo. Mkondo ulipokwenda taratibu rangi ilinyooka kama uzi. Kasi ilipozidi ikavurugika. Namba inayobeba jina lake hupima inesha (nguvu ya maji kuendelea na mwendo wake) dhidi ya mnato (uzito unaozuia maji kutiririka), na kwenye bomba vurugu huanza inapofika takriban 2,000. Sasa chukua kisulisuli cha bakteria: upana makumi ya mikromita (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita), kasi makumi ya mikromita kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe, namba ya Reynolds haifiki hata 0.01! Kwa kipimo hicho, maji ya kawaida yasiyokorogwa na kitu hutulia tuli.

Kinachoyavuruga ni bakteria wenyewe. Mtoni nishati huingia kwenye mizunguko mikubwa, ikashuka hadi midogo, mwishowe mnato ukaimaliza. Ndivyo mwanahisabati Mrusi Kolmogorov alivyoeleza 1941. Kwa bakteria nishati inaingilia chini kabisa, kila kiumbe kikisukuma maji kwa vijimkia vyake. Oksijeni ikiisha, Bacillus subtilis huacha kuogelea na vurugu yote inakoma.

Najua mtaniletea grafu za nishati, zinazoonyesha nishati iliyomo kwenye mizunguko ya kila ukubwa, kwamba nazo zinafuata kanuni ya vipeo, yaani nishati hubadilika kwa kipeo fulani cha ukubwa huo. Sawa, zinafuata. Lakini kipeo cha Kolmogorov ni −5/3, kiwe cha maji au cha hewa, wakati Bratanov, Jenko na Frey walionyesha 2015, kwa modeli ya kihesabu, kwamba kwenye vimiminika hai (vyenye viumbe vinavyojisukuma) kipeo hubadilika kadiri vigezo vya modeli vinavyobadilika. Kufanana kwa umbo la grafu hakutoshi.

Mwaka huohuo watafiti wa Ufaransa walipima maji yenye bakteria wa E. coli, tabaka zake zikitelezeshwa polepole moja juu ya nyingine, mnato ukashuka hadi karibu na sifuri, kwa sababu bakteria walikuwa wakiyasukuma wenyewe.

Anayeshikilia kwamba ni kitu kimoja anijibu hili kwanza: ukiondoa inesha mtoni, unabaki na msukosuko gani?