Ratiba yangu ya kujirekebisha inakufa kila Jumatano. Nianzie wapi?

Kijana15
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 15. Kila Jumapili jioni naandika ratiba ya wiki: kuamka saa 11 alfajiri, kukimbia, kunywa maji ya kutosha, kujisomea kabla ya shule, kutoshika simu ovyo, kutokasirika, kusema ukweli. Jumatatu naifuata yote. Jumanne nasinzia darasani. Jumatano nimeshamfokea mdogo wangu kisa peni, na ratiba nimeichana. Kulala kwangu ni saa 6 usiku, maana tunasoma kwa kikundi, na wenzangu huja na vinywaji vya kuongeza nguvu. Nikikataa naitwa mchungaji. Je, mimi sina nidhamu? Nianze na lipi?

MuuguziMstaafu
Marahaba mwanangu. Nidhamu unayo, usingizi ndio huna. Piga hesabu: kulala saa 6 usiku, kuamka saa 11 alfajiri, hapo ni masaa 5. Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Mwili unakuvumilia siku ya kwanza, ya tatu unadai chake, na anayelipa ni mdogo wako. (Vijana walioletwa kwangu kwa "tabia mbaya", swali langu la kwanza lilikuwa: jana ulilala saa ngapi?)

Tena kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Ukibalehe, saa ya mwili husogea mbele. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kutoka kuliko ulipokuwa mtoto. Kwa hiyo kukaa macho saa 3 usiku si ukaidi. Ila simu na hicho kinywaji vinakusogeza mbali zaidi. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye vinywaji hivyo, huchukua kama masaa 5 kupungua nusu mwilini: ukinywa saa 2 usiku, ikifika saa 7 nusu yake bado imo.

Futa kukimbia alfajiri. Shirika la Afya Duniani linashauri umri wako upate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili mpaka moyo uende mbio. Halijasema lazima iwe alfajiri. Mpira wa jioni, kuruka kamba, kutembea haraka, vyote vinahesabika. Wiki hii shika kimoja tu: kuanzia saa 4 usiku simu ilale chumba kingine.

KakaMtu
Kuhusu hao wenzako, dogo, kinachokuponza ni hotuba. Ukianza kueleza madhara ya kafeini lazima wakuite mchungaji, hata mimi ningekuita. Sema "mimi leo maji", halafu ulizia swali la hesabu mliloishia. Wakikung'ang'ania rudia maneno yaleyale bila kuongeza sababu, maana kila sababu utakayotoa wataijadili. Na uje na chupa yako. Mkono mtupu ndio unaopewa kopo.

MzeeWaMvi
Mambo saba kwa wiki moja? Mimi na mvi zangu hata Jumanne nisingeiona.

Kijana15
Asanteni sana. Na hasira je? Hiyo ndiyo inanitesa zaidi.

MuuguziMstaafu
"Kutokasirika" hakutekelezeki, hasira huja yenyewe. Andika kitu ambacho anayekutazama atakiona: "Nikianza kupandisha sauti, natoka chumbani." Ukishatoka, vuta pumzi polepole, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, mara kadhaa, mpaka uone mapigo ya moyo yametulia. Kisha rudi. Kurudi ni lazima, la sivyo umemsusia mwenzako.

Mdogo wako mwombe radhi leo, na utaje ulichofanya: "Nilikufokea kwa ajili ya peni, nilikosea." Usitie "lakini". Ukiitia tu, lawama inamrudia yeye.

Kusema ukweli nako hakuhitaji mstari kwenye ratiba. Mama akikuuliza umelala saa ngapi, taja saa uliyolala.

Kijana15
Sawa mama. Tatizo moja: hiyo simu ndiyo alamu yangu. Ikilala chumba kingine nitaamkaje?

KakaMtu
Ikilia huko itabidi uinuke uifuate, dogo. Ongeza sauti, na wenye nyumba uwaarifu mapema.