Naomba ushauri: Shetani wa Ayubu na Shetani wa Ufunuo ni yuleyule?

Wapendwa, naombeni msaada. Nafundisha vijana Biblia na nimekwama kwenye habari za Shetani. Katika Ayubu 1 anafika mbele za Mungu pamoja na wana wa Mungu, na hamgusi Ayubu mpaka apewe ruhusa. Wayahudi wengi humwelewa hivyo: mshtaki aliye chini ya Mungu, si mpinzani wake. Uovu wa mtu wanauona zaidi kwenye mwelekeo mbaya wa moyo wake. Sisi Wakristo tuna Ufunuo 12, ambapo Shetani ni joka aliyetupwa chini.

Kinachoninyima raha hasa ni Daudi kuhesabu watu: 2 Samweli 24:1 inasema kilichomchochea ni hasira ya Bwana, 1 Nyakati 21:1 inasema ni Shetani. Nianzie wapi kuwaeleza bila kuwasingizia Wayahudi?